Mkao na Ueleaji: Istilahi za Mwili wa Mpiga Mbizi Majini

Utangulizi

Mtu anayejifunza kupiga mbizi kwa mtungi wa hewa hupewa maagizo mengi kabla ya kuingia majini. Akiisha kushuka hawezi tena kuuliza: kinywa chake kimeshika kifaa cha kupumulia, na ishara za mikono anazozijua ni chache. Kwa hiyo neno alilofundishwa nchi kavu ndilo analoshuka nalo. Neno hilo likiwa wazi litamwongoza. Likiwa na maana mbili au tatu litamponza.

Ni jambo la kawaida kumsikia mwalimu akimwambia mwanafunzi, "Balansi yako si nzuri." Mwanafunzi atafanya nini? Huenda akaongeza risasi kiunoni. Huenda akatia hewa katika vazi lake. Huenda akachapa maji kwa mikono. Kila mojawapo ya matendo hayo ni jibu la swali tofauti, kwa sababu neno "balansi" limebeba dhana tatu zisizofanana: jinsi maji yanavyomnyanyua mtu, jinsi mwili wake ulivyokaa kutoka kichwani hata miguuni, na jinsi upande wake wa kulia unavyolingana na wa kushoto.

Madhumuni ya makala haya ni kuzitenga dhana hizo, kueleza namna zinavyofanya kazi, na kupendekeza istilahi moja kwa kila dhana. Hoja yetu ni kwamba maneno mengi tunayoyahitaji yamo tayari katika lugha ya mabaharia na wavuvi wa pwani yetu. Katika Kiingereza pia, neno litumikalo kwa dhana ya pili lilitoka katika lugha ya mabaharia, likielezea namna merikebu ilivyokaa majini. Hakuna sababu ya sisi, wenye majahazi na ngalawa, kuazima neno la chombo cha mwenzetu.

Mpiga mbizi au mzamiaji?

Kwanza tumtaje mtu mwenyewe. Wengine humwita "mzamiaji", na neno hilo si kosa, kwani kuzamia ni kuingia majini kwa ajili ya kutafuta kitu. Lakini katika matumizi ya siku hizi, mzamiaji pia ni mtu aliyejificha melini ili asafiri bila ya kibali, na hata yule aendaye karamuni bila ya kualikwa. Mtumishi wa bandari akisoma taarifa isemayo "wazamiaji wanne wameonekana karibu na meli", atashindwa kujua amwite mganga au polisi. Kwa sababu hiyo tunapendekeza "mpiga mbizi", na kwa kazi yenyewe "upigaji mbizi". Ikiwa ni lazima kumtofautisha na yule atumiaye pumzi yake mwenyewe tu, tuseme "mpiga mbizi wa mtungi".

Upigaji mbizi wa namna hii ulienea baada ya mwaka 1943, wakati Jacques-Yves Cousteau na Émile Gagnan, wote wa Ufaransa, walipokamilisha kifaa kinachompa mtu hewa kutoka mtungini kwa kadiri anavyovuta pumzi. Tangu hapo mtu aliweza kukaa chini kwa muda mrefu, na ndipo lilipozuka suala la namna ya kukaa huko. Yule ashukaye kwa pumzi moja hukaa chini muda mfupi tu kisha hurejea juu. Yule mwenye mtungi huweza kukaa dakika arobaini au zaidi, naye hana budi kujua jinsi ya kutua katikati ya maji bila ya kupanda wala kushuka.

Ueleaji

Kila kitu kilichomo majini hunyanyuliwa kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji kilichoyasukuma. Hiyo ndiyo kanuni ya Archimedes, na walimu wa fizikia wanaijua. Nguvu ya kunyanyua ikizidi uzito wa kitu, kitu hupanda, ikipungua, huzama, zikilingana, hutua pale kilipo. Dhana hii tunaiita "ueleaji". Wapo wanaotumia "uelezi", lakini neno hilo lakaribiana mno na kueleza na maelezo, na msomaji huweza kudhani kuwa linahusu ufafanuzi wa jambo.

Hali tatu za ueleaji nazo zahitaji majina. Watafsiri wengi watapenda kusema "chanya" na "hasi", kama katika hisabati. Tatizo ni kwamba "hasi" limekwisha kuchukua maana ya ubaya katika mazungumzo ya kila siku, hali kuteremka ni sehemu ya lazima ya kazi hii, na mpiga mbizi hulazimika kuwa mzito kidogo ili aanze safari yake. Tunapendekeza "ueleaji wa ziada", "ueleaji pungufu", na "ueleaji sawia".

Ueleaji wa mpiga mbizi haukai katika hali moja. Maji ya bahari ni mazito kuliko maji baridi kwa kadiri ya asilimia mbili na nusu. Hivyo mtu ambaye pamoja na vifaa vyake ana uzito wa kilo 100, naye ametulia sawasawa katika maji ya ziwa, atahitaji karibu kilo mbili na nusu zaidi akienda baharini. Hewa iliyomo mtungini nayo ina uzito. Mtungi wa lita 11 uliojazwa kwa kanieneo iliyo mara 200 ya ile ya angahewa huchukua kiasi cha lita 2,200 za hewa, ambazo uzito wake ni zaidi ya kilo mbili na nusu. Hewa hiyo inapotumika, mtu huwa mwepesi. Ndiyo maana uzito hupimwa kwa hali ya mwisho wa safari: mtungi ukiwa umekaribia kwisha, mtu aweze bado kutulia kwenye kina cha mita 5 bila ya kuvutwa juu.

Kisha kuna mapafu. Pumzi ya kawaida ya mtu aliyetulia ni kiasi cha nusu lita, na nusu lita ya hewa hunyanyua karibu nusu kilo. Mpiga mbizi hodari hutumia pumzi yake kurekebisha ueleaji kidogo kidogo. Lakini kamwe haizuii pumzi, kwani akipanda na hewa iliyofungiwa kifuani, hewa hiyo hutanuka na huweza kupasua mapafu.

Mkao

Sasa tuje kwenye dhana ya pili, ambayo ndiyo inayosahauliwa zaidi. Watu wawili wanaweza kuwa na ueleaji sawia, hakuna anayepanda wala anayeshuka, na hata hivyo mmoja amelala kama samaki na mwingine amesimama kama nguzo. Tofauti yao haiko katika ueleaji. Iko katika mahali uzito ulipowekwa.

Baharia huijua habari hii. Jahazi lenye tani ishirini za shehena laweza kwenda vizuri au vibaya kwa shehena ile ile. Shehena ikirundikwa tezini, omo hunyanyuka na chombo huwa kizito kuongoza; ikirundikwa omo, chombo huchimba maji. Nahodha hatupi shehena baharini, bali huihamisha. Kisha husema kuwa chombo "kimekaa" vizuri. Kutokana na usemi huo tunapendekeza istilahi "mkao". Tulifikiria pia "ulalo", lakini neno hilo lingemfanya msomaji adhani kuwa kuna hali moja tu, ya kulala. Ilhali mkao huweza kuwa wa mlalo, wa wima, au wa mshazari.

Katika mwili wa mpiga mbizi kuna vitovu viwili. "Kitovu cha uzito" ni pale ambapo uzito wote ni kama umekusanyika. "Kitovu cha ueleaji" ni pale ambapo nguvu ya kunyanyua ni kama imekusanyika. Mtu asipojitikisa, mwili wake huzunguka mpaka kitovu cha ueleaji kiwe juu na cha uzito kiwe chini yake, katika mstari mmoja wa wima. Kwa kuwa mapafu yamo kifuani, na risasi hufungwa kiunoni, na miguu ya watu wengi ni mizito majini, mwanafunzi asiyerekebishwa hunyanyuka kichwa na kuning'iniza miguu. Hiyo si dalili ya uzembe. Ni fizikia inayofanya kazi yake.

Chubwi na farumi

Hapa ndipo maneno yanapotofautisha usalama na hatari. Mvuvi wa mshipi hutumia kipande cha risasi kuizamisha ndoana yake. Hicho huitwa "chubwi". Baharia hutia mawe au mchanga ndani ya chombo kitupu ili kisipinduke; vitu hivyo huitwa "farumi". Vyote viwili ni uzito, lakini chubwi huwekwa ili kuzamisha, na farumi huwekwa ili kutuliza. Lugha yetu ilikwisha kuzitenga dhana hizi mbili zamani. Mafundisho ya kisasa yanapotumia neno moja tu, "uzito", kwa zote mbili, huunganisha kilichokuwa kimetengwa.

Tuangalie matokeo yake. Mwanafunzi ambaye miguu yake imening'inia hupiga mapezi yake kwenda mbele. Kwa kuwa mwili umeelekea juu, kila pigo humsukuma juu vilevile. Anajiona anapanda, naye hudhani kuwa ni mwepesi. Anaongeza chubwi kiunoni. Sasa amekuwa mzito mno, na kila anapoacha kupiga mapezi huzama. Basi anatia hewa katika vazi lake ili imshikilie. Hewa hiyo hukimbilia sehemu ya juu kabisa, yaani mabegani, na chubwi limo kiunoni. Kwa hiyo kichwa hunyanyuka zaidi na miguu hushuka zaidi. Tatizo lililomfanya aongeze uzito limezidishwa na uzito wenyewe.

Hatari iko wakati wa kupanda. Kwenye kina cha mita 10 kanieneo ni mara mbili ya ile ya juu ya maji, na kwenye mita 20 ni mara tatu. Chukua mtu aliyebeba kilo 4 zisizo na haja. Ili atulie kwenye mita 10 itambidi awe na lita 4 za ziada katika vazi lake. Akipanda hadi mita 5 bila ya kuzitoa, lita hizo zitakuwa zaidi ya lita 5, na nguvu ya kumnyanyua itakuwa imeongezeka kwa kilo moja na theluthi. Mwenzake mwenye lita moja tu ataongezewa theluthi ya kilo, ambayo aweza kuitawala kwa pumzi. Yule wa kwanza huanza kukimbia juu. Na kadiri anavyopanda hewa hutanuka, na kadiri inavyotanuka hupanda kwa kasi zaidi. Kupanda kwa kasi huleta majeraha ya mapafu na ugonjwa wa viputo vya naitrojeni katika damu.

Yote hayo yalianza na miguu iliyoning'inia, na tiba yake ilikuwa kuhamisha farumi, wala si kuongeza chubwi. Kilo moja ikiondolewa kiunoni na kufungwa kwenye mkanda wa mtungi karibu na mabega, mkao hubadilika bila ya uzito wote kuongezeka hata gramu moja. Agizo "hamisha farumi" na agizo "punguza chubwi" hayawezi kuchanganywa na mtu yeyote, na hiyo ndiyo sifa ya istilahi njema.

Urari na mrama

Dhana ya tatu ni ya ubavu kwa ubavu. Mtu aliyebeba taa, kamera au mfuko wa chubwi upande mmoja tu hupinda kuelekea upande huo. Neno "mizani" lingefaa, lakini limeshughulishwa na kupimia bidhaa na kuhesabia silabi za shairi. Tunapendekeza "urari", lenye maana ya kulingana kwa pande mbili. Asiye na urari "huenda mrama", kama chombo kinavyoyumba. Nao usemi huo, ambao leo twautumia kwa mambo yaliyoharibika, utakuwa umerejeshwa baharini ulikotoka.

Vazi la kutilia hewa nalo lisiitwe "jaketi la kuelea", kwani msomaji atalichanganya na jaketi la kujiokolea. Jaketi la kujiokolea limeundwa ili kumweka aliyezimia uso juu. Vazi la mpiga mbizi halitoi ahadi hiyo, na lingine huweza kumsukuma kifudifudi. Afisa anayeandika kanuni za usalama wa vyombo vya abiria akichanganya majina hayo, kosa lake halitakuwa la lugha tu. Tunapendekeza "kizibao cha ueleaji".

Namna ya kusahihisha mkao

Kwa faida ya walimu na watafsiri, tuoneshe jinsi istilahi hizi zinavyotumika katika maagizo halisi.

Kwanza, pima ueleaji kabla ya mkao. Mwanafunzi ashushe hadi mita 5 au zaidi kidogo, juu ya mchanga, atafute ueleaji sawia, na apunguze machubwi yasiyo na kazi.

Pili, aache kutikisika. Mikono itulie, mapezi yatulie, pumzi iendelee kama kawaida. Katika muda wa nusu dakika mwili utaonyesha wenyewe sehemu iliyo nzito.

Tatu, atengeneze umbo la mwili. Kichwa kiinuke kidogo ili macho yatazame mbele; mgongo na mapaja vinyooke; magoti yakunjwe kiasi cha pembe mraba; mikono inyooshwe mbele. Kukunja magoti husogeza uzito wa mapezi karibu na kiuno, na kunyoosha mikono husogeza uzito mbele.

Nne, ikiwa miguu bado inashuka, mtungi upandishwe sentimita chache mgongoni, au farumi ihamishwe kuelekea mabegani. Ikiwa kichwa ndicho kinachoshuka, ifanywe kinyume chake. Libadilishwe jambo moja kwa wakati mmoja, kisha jaribio lirudiwe.

Mwisho, kila kitu kilichofungwa kulia kitafutiwe mwenzake kushoto, ili urari upatikane.

Mkao wa mlalo ulisisitizwa sana na wapiga mbizi wa mapango ya Florida, nchini Marekani, ambako tope laini likivurugwa kwa mapezi mtu hushindwa kuona njia ya kutokea. Kwetu sababu kubwa zaidi ni matumbawe. Tanzania ilipitisha Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu mwaka 1994, na Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia ikaanzishwa mwaka 1995. Katika hifadhi za namna hiyo mgeni hukatazwa kugusa matumbawe. Lakini mtu mwenye miguu iliyoning'inia huyavunja kwa mapezi nyuma yake, mahali asipoona, hali anaamini kwamba ametii sheria. Tumbawe kubwa la mviringo hukua kadiri ya sentimita moja kwa mwaka. Pigo moja la pezi laweza kufuta kazi ya miaka mingi.

Orodha ya istilahi zinazopendekezwa

Chubwi (ma-): kipande cha risasi cha kumwezesha mpiga mbizi kushuka.
Farumi: uzito uliopangwa mwilini au kwenye vifaa kwa ajili ya kurekebisha mkao au urari.
Kitovu cha ueleaji: mahali ambapo nguvu ya kunyanyua huhesabiwa kuwa imekusanyika.
Kitovu cha uzito: mahali ambapo uzito wote huhesabiwa kuwa umekusanyika.
Kizibao cha ueleaji: vazi la kutia na kutoa hewa ili kurekebisha ueleaji.
Kwenda mrama: kupinda au kuyumba ubavu kwa ubavu.
Mkao: namna mwili ulivyokaa majini kutoka kichwani hadi miguuni.
Mpiga mbizi: mtu ashukaye chini ya maji kwa kazi au kwa burudani.
Ueleaji: uhusiano wa nguvu ya maji ya kunyanyua na uzito wa kitu, huwa wa ziada, pungufu au sawia.
Urari: kulingana kwa upande wa kulia na wa kushoto.

Hitimisho

Wapo watakaosema kwamba wapiga mbizi wamekwisha kuzoea maneno ya kigeni, na kwamba kuwabadilishia ni kuwasumbua. Hoja hiyo ina uzito kwa majina ya vifaa vipya, na hatuna ugomvi na "vali" wala "kamera". Lakini hapa hatutaji kifaa kipya. Tunataja mambo ambayo manahodha na wavuvi wetu wameyapima kwa mikono yao kwa karne nyingi: kipi kizamishe, kipi kitulize, na shehena ikae wapi. Kijana wa Mafia au wa Nungwi anayejifunza kuwaongoza wageni chini ya maji huenda ana babu aliyeyajua hayo yote. Akifundishwa kwa neno "balansi", ataanza upya kama asiye na urithi. Akifundishwa kwa chubwi, farumi na mkao, atatambua kwamba nusu ya somo anayo tayari.

Mapendekezo haya si sheria. Tunawaomba watafsiri wayajaribu katika maandishi yao, walimu wayajaribu majini, na wasomaji wa pwani, hasa wale wanaojua maneno ya lahaja zao ambayo hatukuyafikia, watuletee maoni kabla istilahi hizi hazijapelekwa mbele ya kamati ya usanifishaji.